Mita Moja ya Upande wa Nyanya

Vuteni viti mkae karibu, wanangu, maana sauti yangu siku hizi inaishia mlangoni na haifiki barazani tena. Binti yangu, weka kando hicho kipimajoto, wewe ni muuguzi na unajua kuliko mimi kwamba namba yake haitabadilisha kitu asubuhi hii. Na wewe mwanangu, zima simu, vijana wako watamwaga zege bila wewe kwa saa moja, na likipinda utawagombeza kesho kama kawaida yako. Na wewe Fundi, jirani yangu, usikae hapo mlangoni kama mtu aliyekuja kuchukua vipimo vya gauni na kuondoka, njoo ukae kwenye kiti cha marehemu mke wangu, hakuna mwingine anayestahili kukikalia. Najua wanangu wanaangaliana. Wanajiuliza kwa nini wosia wa baba yao unasikilizwa na fundi cherehani wa upande wa pili wa ua. Subirini, mtajua, na mkishajua baadhi yenu mtanuna, lakini mtakuwa mmejua.

Fungueni dirisha lote. Nataka harufu ya bustani iingie, kiangazi ndicho hiki, na nyanya zimeanza kuiva, naisikia harufu ya majani yake toka hapa, ile harufu inayobaki vidoleni hata ukinawa mara tatu. Miaka thelathini na sita nimejiuliza kwa nini harufu ya jani la nyanya haitoki kwa sabuni, na nimeuliza walimu, nimeuliza daktari wa mimea wa wilaya, kila mmoja akanipa jibu lake, na hakuna jibu hata moja lililofanana na jingine. Basi nakufa bila kujua. Msinikatize, nimesema nakufa na neno lenyewe halijanichoma mdomo. Nimekula chumvi miaka sabini na saba, siogopi ninakokwenda, nina hamu tu ya kukuona huko, kama nilivyokuwa na hamu ya kuona kila kiwanja kipya nilichotumwa kupima.

Nianze na mali, maana ndiyo mliyokuja nayo mioyoni, msione haya. Nyumba hii ni ya nyinyi wawili sawa kwa sawa, hati iko kwenye sanduku la bati chini ya kitanda hiki hiki. Chombo changu cha miguu mitatu, kile nilichopimia viwanja vya watu miaka thelathini, apewe yeyote atakayejua kukitumia, na kama hakuna basi kiuzwe kabla hakijawa kitundikio cha nguo. Majembe, makopo ya kumwagilia na vikapu ni vya binti yangu, kwa sababu yeye akija hapa hutazama kwanza matuta ndipo ananitazama mimi, nami sikuwahi kuona kosa katika hilo. Imebaki bustani. Hapo ndipo penye neno.

Mwanangu, nimeiona ramani yako. Uliiacha mezani wiki iliyopita ukidhani nimelala. Vyumba vinne vya kupangisha, choo katikati, mlango wa kila chumba unafunguka upande wake, ni mchoro mzuri, mistari yake imenyooka, nikajisemea huyu kweli ni damu yangu. Sikukatazi. Ila nina jambo moja la kuwaomba nyote wawili na jambo moja la kuwaamuru, na msije mkayachanganya.

Ombi ni hili. Kabla hamjaamua lolote juu ya bustani, vuneni kiangazi kimoja kizima kwa mikono yenu wenyewe. Siyo kumtuma mtu. Amkeni kabla jua halijapasha majani, shikeni kikapu, mwingie kati ya matuta na umande uwalowanishe suruali. Mtaona mambo. Mtaona kwamba tango linajua kujificha, unapita tuta zima ukiapa hakuna kitu, unageuka kurudi, nalo hilo hapo limelala chini ya jani limenona linakucheka. Mtaona bamia, ukilisahau siku mbili linakuwa kijiti cha kufukuzia kuku. Na maharage mabichi, haya ndiyo yaliyonishangaza kuliko yote: kadiri unavyoyachuma ndivyo yanavyozidi kuzaa. Mwaka mmoja nilifanya majaribio, nikaacha mstari mmoja bila kuugusa na mingine nikaichuma kila baada ya siku mbili. Ule mstari wa mapumziko ukazaa mara moja, ukakauka, ukamaliza kazi yake duniani, na mingine ikaendelea kutulisha wiki saba. Nilikaa juu ya ndoo nikiutazama mstari ule mkavu, mama yenu akanipitia akasema, "Mume wangu, maharage hayatakueleza, njoo ule."

Mama yenu na mimi tulibishana juu ya tikiti maji tangu mwaka wa kwanza wa ndoa. Yeye alisema lililoiva ukiligonga linalia nene, mimi nikasema linalia kavu. Kila kiangazi tunachuchumaa pale wawili kama watu wanaobisha hodi, tunagonga, tunasikiliza, tunabishana, kisha tunalipasua. Mara nyingi alikuwa amepatia yeye. Hili sikuwahi kulikiri mbele yake na ninalisema leo mbele yenu, apumzike kwa amani.

Na wewe binti yangu ulikuwa mtoto usiyekula mboga. Mezani ulikuwa unafunga mdomo kama mlango wa benki. Lakini nikikuacha bustanini nusu saa nakukuta umekaa chini umevua viatu, unakula maharage mabichi moja baada ya jingine, maganda yamejaa mapajani. Mwanangu, wewe ulikuwa na miaka minane ulipofukua viazi kwa mara ya kwanza, na kila kiazi kilichotoka udongoni ulipiga ukelele ukatuita sote tuje tukione, kiazi cha kumi na tano ukatuita kama cha kwanza. Sasa nawaulizeni, ni kitu gani kile? Duka la pale kona lilikuwa na viazi gunia zima na hukuwahi kulipigia kelele. Nimefikiria sana jambo hili. Naona ni kwamba cha dukani unakuta kimekwisha kuwa kiazi, lakini hiki ulikijua kikiwa hakipo. Ulimwagilia udongo mtupu miezi mitatu ukiwa huna hakika na lolote, ukaja ukaingiza mkono, nacho kikawepo. Ndiyo raha yenyewe. Ndiyo nyanya yenye joto la jua bado, unaiuma pale pale tutani, maji yake yanakutiririka hadi kwenye kiwiko, una chumvi kidogo umeifunga kwenye karatasi mfukoni. Nilikwenda kazini nikila hivyo, na ofisi nzima ilijua kiangazi kimeingia kwa kuangalia shati langu.

Nipe maji kidogo, mama. Asante. Inatosha.

Sasa amri. Ili mwelewe amri lazima nijivue nguo mbele yenu, na mbele ya huyu jirani ambaye tayari aliniona nikiwa uchi miaka mingi iliyopita, ila hakusema.

Mnakumbuka desturi ya nyumba hii. Nyanya ya kwanza kuiva, ile kubwa kuliko zote, ilikuwa yenu. Naipima kwanza upana kwa kile kipimo changu cha chuma, naandika kwenye daftari, kisha mama yenu anaikata vipande viwili, anatia chumvi, nanyi mnakula mkiwa mmesimama. Zilizofuata tulikula sote, nzuri nzuri tukagawia majirani. Mbegu nilizitoa mwishoni kabisa, kwenye zile zilizobaki chini ya kikapu, vile vinyanya vya mwisho wa msimu ambavyo hata kuku walivitazama mara mbili. Nilijiona mtu mwenye akili, mtu asiyetupa kitu. Mwaka wa kwanza nyanya ya kwanza ilikuwa na milimita tisini na moja. Mwaka wa tano, themanini. Mwaka wa tisa, sitini na nane. Mimi ni mtu wa vipimo, nikiona namba inashuka sipati usingizi. Nikabadilisha mbolea. Nikabadilisha saa ya kumwagilia. Nikachimba tuta lote nikaligeuza. Zikazidi kupungua.

Basi nikaanza kutafuta mwenye kosa, na mtu anayetafuta mwenye kosa huanza kwa jirani.

Fundi hapa alikuwa amejenga chumba cha kushonea, ukuta wake umekaa kwenye mpaka wetu. Wote mlikipenda kile chumba, mlikuwa mnamwita shangazi, mnakwenda kuokota vipande vya vitambaa. Ukuta ule ulikuwa umeingia upande wetu shubiri mbili. Nilijua siku ile ile msingi unachimbwa, jicho langu halikuhitaji kamba, na nilinyamaza miaka saba, maana shubiri mbili si kitu kati ya watu wanaopeana moto na chumvi. Lakini mwaka wa kumi nilisimama kwenye tuta la nyanya asubuhi nikaona kivuli cha ukuta ule kimelala juu ya miche yangu mpaka saa tatu. Nikasema, ahaa. Nikaleta chombo changu cha miguu mitatu nikakisimamisha mbele ya mlango wake bila kubisha hodi. Nikachora, nikapeleka mchoro ofisi ya ardhi ambako kila karani alikuwa ananiita mzee, nikarudi na barua yenye muhuri. Ukuta ukabomolewa kiangazi kile kile, na chumba bila ukuta ule hakikuwa chumba tena. Fundi akabeba cherehani yake akaiweka barazani kwake, akafunga turubai juu. Mama yenu alikaa siku tatu hanisemeshi. Nanyi nikawakataza kumwita shangazi.

Vipimo vyangu vilikuwa sahihi, wanangu. Hilo ndilo baya lake. Kama ningedanganya kwenye mchoro ningekuwa na kitu cha kutubu, lakini kila mstari ulikuwa wa kweli, nami niliutumia ukweli ule kumwonea mtu kwa sababu ya nyanya.

Na nyanya zikaendelea kupungua! Jua tele tangu alfajiri, nazo zinapungua. Mwaka wa kumi na nne, milimita hamsini na mbili. Mwaka ule ndipo nilipochungulia juu ya ua. Sikukusudia, nilikuwa nafunga matawi ya pasheni. Nikaona kwake, nyanya. Nyekundu, nzito, matawi yameegemezwa kwa miti. Bila kupima nikajua hizo ni tisini na kitu. Nilizitambua kwa mikunjo yake pale shingoni, zilikuwa zangu, mama yenu alimpa miche kwenye kopo la maziwa mwaka wetu wa pili wa bustani. Mbegu moja, udongo mmoja, bomba moja la maji. Nilizunguka ndani ya nyumba hii wiki mbili kama mtu aliyemezwa na swali. Mama yenu akaniambia, "Ama uende ukamuulize, ama uhamie kwa dada yako."

Nikaenda. Mwanaume mzima, sijamsalimia miaka minne, nikasimama mbele ya lile turubai. Hakuinua macho, alikuwa anapindisha pindo la sare ya mwanafunzi. Nikamwambia, "Fundi, nyanya zako zinakuwaje kubwa?" Akamaliza pindo. Akakata uzi kwa meno. Akasema, "Ile ya kwanza kuiva, kubwa kuliko zote, mimi siili. Hiyo ndiyo ya mbegu. Wewe je?"

Nilicheka mpaka nikakaa chini kwenye sakafu yake. Miaka kumi na nne nilikuwa nawalisha nyinyi mbegu! Kila mwaka nilichukua iliyo bora nikawapa, na iliyo dhaifu nikairudisha udongoni, kisha nikashangaa bustani inanyong'onyea. Na siku ile sikujutia hata kipande kimoja mlichokula, hilo mlijue. Fundi naye alicheka kidogo. Kisha akaacha kucheka akaniuliza, "Na ukuta?"

Nikamjibu, "Nitaufikiria."

Miaka ishirini na miwili nimekuwa nikifikiria, wanangu. Tangu hapo tunasalimiana, tunapeana mbegu, tunazikana, alikuja kumwosha mama yenu alipofariki. Kila mvua nilisikia matone juu ya turubai lile, nikageukia upande wa pili. Amebadilisha turubai mara tisa. Mnajua mimi huhesabu.

Kwa hiyo amri yangu ni hii. Kateni mita moja ya bustani, upande wa nyanya, urefu wote wa hatua kumi na moja, iwe ya Fundi, yeye na watakaomrithi, ajenge ukuta wake na chumba chake. Barua nimekwisha kuandika, imo kwenye sanduku lile la bati juu ya hati, bado sahihi zenu mbili. Najua, mwanangu. Usiangalie ukutani, niangalie mimi. Najua ramani yako inahitaji upana ule wote, ukitoa mita moja vyumba vinabaki vitatu. Na najua hapo ndipo penye udongo mweusi, binti yangu, pale pazuri kuliko pote. Ndiyo maana nimechagua pale. Kama ningetoa upande wa mawe ningekuwa nimempa vinyanya vya chini ya kikapu.

Unasema nipumzike, baba? Nitapumzika sana, ondoa shaka. Jibu kwanza. Hapana, usijibu. Nina swali la mwisho kwa Fundi, jibu lake litakusaidia wewe kuliko maneno yangu yote.

Fundi. Maswali yangu mengi nayaacha, la harufu ya jani nimeliacha, lakini hili siwezi kwenda nalo. Siku ile nilikuwa nimekuvunjia chumba. Ulikuwa na kila sababu ya kunyamaza, uniache nihangaike na vinyanya vyangu hadi viwe kama punje za mahindi. Kwa nini uliniambia?

Sema kwa nguvu, sikio hili la kushoto limekwisha kufa kabla yangu.

Rudia. Rudia, wasikie.

Mmemsikia? Anasema aliniambia kwa sababu nilimuuliza. Anasema hata siku ya ukuta, kama ningemuuliza, angeuvuta mwenyewe urudi kwake. Shubiri mbili. Angeuvuta mwenyewe, wanangu... na mimi niliyeuliza maharage, niliyeuliza tikiti, niliyemuuliza kila mtu juu ya kila kitu.

Niache, binti yangu. Machozi si ugonjwa.

Umesimama, mwanangu. Unakwenda wapi? Nyundo iko nyuma ya mlango wa jikoni. Vigingi viko hapo hapo, vinne, nilivichonga mwenyewe mwezi uliopita mkono ulipokuwa bado unashika. Utepe wa kupimia mwachie dada yako ashike ncha ya huku. Anzieni pembe ya bomba. Mita moja kamili, na ukitaka kukosea, kosea kuelekea kwetu. Fundi, nenda nao, ukasimame pale uone.

Nasikia mkitoka. Nitasema kwa sauti, hata kama haiwafikii... Bustani iliyobaki ni yenu. Iwe bustani, iwe vyumba, sitajua, na hilo linaniuma, ningependa sana kujua. Pendaneni. Mkishuku jambo, ulizaneni kabla ya kupima. Nizikeni asubuhi, jua likiwa bado dogo, na watu wakirudi wapewe kilichoiva, msiwape kilichobaki. Mungu awape mikono isiyokaa bure na jirani wa kuwaambia kweli. Mbarikiwe ninyi, na wa tumbo lenu, na wa tumbo la...

Hicho ni kigingi cha kwanza. Kimeingia vizuri, udongo una maji.

Cha pili.

Nyanya za pale... zichumeni kwanza, msizikanyage. Mpeni yeye ile kubwa.

Cha tatu hicho. Amegonga mara nne. Ni mkono wangu ule, kabisa, ni...

Bado kimoja. Gonga, baba. Nasikiliza.